Eropleni Ndogo Juu ya Mto Hudson

Mji wa New York umejengwa penye mlango wa mto Hudson, katika pwani ya mashariki ya Marekani. Katikati ya mji kipo kisiwa kirefu chembamba, jina lake Manhattan. Upande wa magharibi wa kisiwa hupita mto Hudson, na upande wa mashariki hupita mkono wa bahari uitwao East River. Juu ya kisiwa hicho yamesimama majumba marefu kupita kiasi. Moja katika hayo, lililo karibu na ukingo wa Hudson, lina urefu wa futi 1,776 tangu chini hata ncha ya mlingoti wake. Mji una viwanja vitatu vikubwa vya eropleni, ndivyo Kennedy, LaGuardia, na Newark ng'ambo ya mto. Kutoka Newark hata Kennedy ni kama maili 21 tu kwa mstari ulionyoka, na LaGuardia haiko mbali na hivyo viwili. Walakini katika viwanja hivyo eropleni huruka na kutua zaidi ya mara milioni moja kila mwaka. Atakayepiga hesabu ataona ya kuwa ni karibu mbili kila dakika, usiku na mchana.

Lakini eropleni kubwa za abiria si peke yao angani. Wako watu wengi katika nchi ile, waganga, wafanya biashara, walimu, na wengineo, waliojifunza urubani, nao hununua eropleni ndogo au huikodi, wakaenda safari zao kama mtu mwingine aendavyo kwa motokaa. Inayojulikana kuliko zote ni ile iitwayo Cessna 172, ambayo zimetengenezwa zaidi ya 40,000. Huchukua watu wanne pamoja na rubani, ina injini moja, na mwendo wake ni kama maili 140 kwa saa. Eropleni kubwa ya abiria, hata inapokaribia kutua na kupunguza mwendo, huweza kuwa yaenda maili 280 kwa saa. Basi hao wawili, mdogo na mkubwa, watapitaje katika anga moja wasiangamizane?

Jawabu la kwanza ni mipaka. Mwanafunzi na achukue sinia tatu, moja ndogo, moja ya kadiri, na moja kubwa, azipange ndogo ikiwa chini kabisa na kubwa juu ya zote. Ndivyo ilivyokatwa anga ya mji mkubwa. Sinia ndogo ya chini yagusa ardhi penye kiwanja, maana hapo eropleni kubwa hushuka hata chini. Mbali kidogo na kiwanja eropleni hizo zingali juu, kwa hiyo sinia ya pili yaanza juu, na chini ya ukingo wake eropleni ndogo yaweza kupita bila ya kumsumbua mtu. Katika New York sinia ya juu kabisa yafika futi 7,000. Ndani ya mipaka hiyo kila chombo huongozwa kwa redio na waongozaji walioketi mbele ya vioo vya rada, nao humwambia kila rubani aende wapi na kwa kimo gani.

Rubani wa eropleni ndogo akitaka kuingia humo sharti apige hodi kwa redio, angoje karibu. Kuitikiwa si kukaribishwa. Mwongozaji akimwambia “Nimekusikia, ngoja,” bado hana ruhusa. Sharti asikie kwa masikio yake neno lenyewe la kuruhusiwa kuingia. Kukiwa na kazi nyingi huambiwa akae nje, naye hana la kujibu ila kugeuka. Na mwanafunzi asiyepata bado cheti cha urubani haruhusiwi kabisa kutua peke yake katika viwanja vile vitatu.

Shida ya mipaka hii ni kwamba haionekani. Imeandikwa katika ramani, wala angani hapana ukuta, boriti, wala jiwe la mpaka. Tarehe 31 Agosti, 1986, siku ya jua na mbingu safi, eropleni ndogo ya watu watatu iliondoka Torrance, karibu na mji wa Los Angeles, kwenda milimani. Bila ya kukusudia iliingia ndani ya mpaka wa anga ya Los Angeles pasipo ruhusa. Wakati huo huo eropleni ya abiria iliyotoka Mexico ilikuwa ikishuka kwenda kutua. Zikagongana juu ya mtaa wa Cerritos. Watu wote 64 wa ile kubwa walikufa, na watatu wa ile ndogo, na watu 15 waliokuwa chini majumbani mwao. Eropleni ndogo ilikuwa na chombo cha kuitikia rada, lakini chombo chake hakikuweza kutaja kimo, na mwongozaji hakuitambua kuwa iko njiani. Baada ya msiba huo serikali iliamuru eropleni zirukazo ndani ya maili 30 za baharini za viwanja vikubwa namna hii ziwe na chombo kinachotaja kimo chake, isipokuwa chache za namna ya pekee. Na eropleni kubwa za abiria zikatiwa chombo cha kumwonya rubani na kumwambia apande au ashuke. Tangu tarehe 1 Januari, 2020, imeongezwa amri nyingine, kwamba eropleni katika anga hizo zitangaze zenyewe mahali zilipo, zikijua mahali hapo kwa msaada wa vyombo vinavyozunguka dunia huko juu.

Rubani mdogo ana hatari nyingine karibu na viwanja vikubwa, nayo ni upepo unaoachwa nyuma na eropleni kubwa. Katika ncha za mbawa zake hewa huzunguka kama maji yanayoshuka katika tundu, na mizunguko hiyo hushuka polepole, ikadumu dakika kadha wa kadha baada ya mwenyewe kwenda zake. Eropleni ndogo ikiingia humo yaweza kupinduliwa kama mtumbwi uliopigwa na wimbi la meli. Kwa hiyo waongozaji huiweka mbali, na rubani mwenye akili hupita juu ya njia ya mkubwa, wala hapiti nyuma na chini yake.

Sasa katikati ya anga hii iliyofungwa pande zote, kumeachwa mlango mmoja. Juu ya mto Hudson, tangu maji hata kimo cha futi 1,300, rubani aweza kupita bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Mto wenyewe haufiki upana wa maili moja mahali pengi. Kulia na kushoto ni majumba, juu ni njia za eropleni kubwa, chini ni merikebu. Huko hapana mwongozaji anayempanga kila mmoja mahali pake. Usalama wa mtu wategemea macho yake, na redio ya watu wote, ambayo kila rubani hutangaza humo mahali alipo. Mandhari yake ni nzuri ajabu, na marubani husafiri kutoka mbali kuja kuiona. Tena ni njia ya mkato kwa yeyote apitaye pwani ile kutoka kusini kwenda kaskazini, maana asipopita mtoni sharti azunguke mji mzima au aombe ruhusa ambayo huenda asiipate.

Mlango kama huo ulikuwako pia juu ya East River, lakini wenyewe ulikuwa kama uchochoro usiotokea upande wa pili. Rubani aliyefika mwisho wake sharti aombe ruhusa ya kuendelea, au ageuke arudi alikotoka. Tarehe 11 Oktoba, 2006, Cory Lidle, mchezaji mashuhuri wa mpira wa besiboli, aliingia huko katika eropleni yake pamoja na mwalimu wa urubani. Walipojaribu kugeuka nyuma, upepo wa mashariki uliwasukuma kuelekea majumba ya Manhattan, na mzunguko wao ukawa mpana kuliko nafasi waliyokuwa nayo. Eropleni ikapiga jumba refu la kukaa watu, wote wawili wakafa. Waliochunguza habari hiyo walisema ya kuwa wenye chombo hawakupima vema nafasi na upepo kabla ya kuanza kugeuka. Baharia yeyote angewaelewa: anayetaka kugeuza chombo katika mlango mwembamba hujisogeza kwanza upande utokako upepo, ili upepo ukimsukuma apate nafasi. Kisha serikali ikakataza eropleni ndogo za kawaida kupita uchochoro ule ila kwa ruhusa ya waongozaji.

Katika Hudson njia iliachwa wazi, na sheria yake ilikuwa kuona na kuepa. Walakini jicho la mwanadamu lina udhaifu ambao kila mwanafunzi aweza kuujaribu. Wanafunzi wawili na wasimame mbali na mwembe mmoja, kwa umbali ulio sawa, mmoja upande wa kusini wa mti na mmoja upande wa magharibi, kisha waende wote wawili kuuelekea kwa mwendo mmoja. Yule atokaye kusini akitupa jicho pembeni atamwona mwenziwe daima mahali pale pale, mbele ya bega lake la kushoto. Mwenziwe haendi mbele wala harudi nyuma. Huzidi kuwa mkubwa tu, hata wakutane penye shina la mti. Lakini mmoja akiongeza mwendo, atamwona mwenziwe akirudi nyuma ya bega lake, nao hawatakutana. Manahodha wa majahazi na meli wamelijua jambo hili tangu zamani. Chombo kinachoonekana kuhama kitapita salama. Kisichohama, nacho chazidi kukua, ndicho cha kuogopwa.

Na jicho huvutwa na kitu kinachokwenda. Ndege akiruka katika majani twamwona mara moja, akitulia twampita. Basi eropleni ile ambayo haitamgonga rubani huonekana upesi, na ile itakayomgonga hukaa kimya katika kioo chake kama doa la mavi ya nzi. Tena haikui sawasawa. Kila umbali ukipungua nusu, huonekana imekuwa kubwa mara mbili. Kwa hiyo kutoka maili mbili hata maili moja ni doa tu, na katika sekunde chache za mwisho ghafula hujaza kioo kizima. Eropleni mbili zikikabiliana, kila moja ikienda maili 140 kwa saa, hukaribiana maili moja katika sekunde 13. Wataalamu wa Marekani wamekadiria ya kuwa tangu rubani aone kitu, akitambue ni eropleni, ajue kuwa watagongana, aamue la kufanya, mkono wake utende, na chombo chenyewe kigeuke, zapita sekunde 12 na nusu. Hesabu hiyo haiachi hata nusu ya pumzi. Juu ya hayo, mbawa zenyewe humficha rubani sehemu ya anga: mwenye mbawa za juu haoni vema yaliyo juu yake, na mwenye mbawa za chini haoni yaliyo chini.

Wala jambo hili si la Marekani tu. Mji wa Nairobi una kiwanja cha Wilson, ambacho eropleni ndogo za wanafunzi na eropleni za abiria hukitumia pamoja, na mbuga ya wanyama iko karibu nacho. Tarehe 5 Machi, 2024, eropleni ya abiria iliyokuwa yaenda Diani iligongana na Cessna 172 ya kufundishia juu ya mbuga hiyo. Ile kubwa ilirudi ikatua salama. Watu wawili wa ile ndogo walikufa.

Juu ya Hudson msiba ulitokea Jumamosi, tarehe 8 Agosti, 2009, karibu na saa sita ya mchana. Eropleni ndogo aina ya Piper, yenye watu watatu, iliondoka kiwanja cha Teterboro, ng'ambo ya mto, ikashuka na Hudson kuelekea kusini. Mbele yake helikopta ya kutembeza wageni iliondoka ukingoni mwa Manhattan, ikiwa na rubani na wageni watano kutoka Italia. Ilikuwa ikipanda na kwenda kusini vile vile. Rubani wa helikopta hakuweza kuona kitu kilichomjia kwa nyuma. Rubani wa Piper alikuwa nayo mbele yake, lakini ilikuwa doa lisilohama, nyuma yake yakiwa madirisha na kuta za mji. Zikagongana kwa kimo cha kama futi 1,100, zikaanguka mtoni. Watu wote tisa walikufa.

Wachunguzi walipofuatia habari hiyo waliona ya kuwa macho hayakuwa peke yake katika kosa. Mwongozaji wa Teterboro alimpa rubani wa Piper namba ya redio ya Newark; rubani akaikariri vibaya, wala hakusahihishwa. Wakati huo mwongozaji alikuwa akizungumza kwa simu mambo yasiyohusu kazi. Kwa hiyo rubani hakusikiwa na Newark, wala hakuwa katika redio ya watu wa mtoni, ambamo helikopta ilikuwa ikijitangaza. Tena vyombo vyote viwili vilikuwa na mashine ya kuonyesha vyombo vingine vilivyo karibu, ila wachunguzi waliona ya kuwa haikutumiwa ipasavyo. Hata hivyo, jambo walilolitaja kwanza kabisa katika sababu ni upungufu wa kutegemea kuona na kuepa. Hukumu hiyo ni ya haki, maana rubani mwangalifu kuliko wote angeweza kulikosa doa lile.

Wako waliotaka mto ufungwe. Serikali haikuufunga, bali iliuwekea sheria, zikaanza kutumika mwezi wa Novemba 2009. Mengi katika sheria hizo yalikuwa desturi njema tangu zamani, ambayo mtu aliweza kuifuata au kuiacha. Sasa yakawa amri. Kila mmoja hukaa upande wake wa kuume: aendaye kaskazini hufuata ukingo wa New York, na aendaye kusini hufuata ukingo wa New Jersey, kama motokaa katika barabara za Marekani. Wapitao njia hukaa kati ya futi 1,000 na futi 1,300. Helikopta zinazofanya kazi zao hapo hapo hukaa chini ya futi 1,000. Mwendo usizidi kama maili 160 kwa saa. Taa ziwashwe hata mchana. Ramani ya mto iwemo ndani ya chombo, na rubani awe ameisoma kabla. Na penye alama zilizowekwa sharti atangaze kwa redio ya mtoni aina ya chombo chake, mahali alipo, aelekeako, na kimo chake. Hivyo aliye nyuma ya mwenziwe, ambaye jicho haliwezi kumfikia, masikio yatamfikia.

Rubani anayeingia kutoka kusini huanzia daraja la Verrazzano, lililo penye mlango wa bandari. Kabla ya kufika hapo amekwisha kusikiliza redio kwa muda, ajue nani yumo na wapi. Abiria wake amempa kazi ya kutazama upande wake na kuonyesha kwa kidole chochote kirukacho, wala si haya kuomba msaada huo. Macho manne yapita mawili. Juu ya daraja asema, “Cessna nyeupe, Verrazzano, yaenda kaskazini, futi 1,200,” kisha anyamaza, maana wengine nao wangoja zamu. Kushoto yaja sanamu ya Uhuru, na helikopta za wageni zaizunguka chini yake. Kulia yaanza Manhattan. Lile jumba la futi 1,776 lapita ubavuni, naye hutazama juu, si chini, apate kuona kilele chake. Hapo ndipo watu husahau kazi, wakaangalia majumba. Rubani mzuri huyatazama kwa kuiba, akarudisha macho mbele.

Alama nyingine ni Intrepid, manowari ya zamani ya kubebea eropleni, iliyofungwa ukingoni na kufanywa nyumba ya makumbusho. Kisha laja daraja la George Washington, ambalo nguzo zake zafika futi 604. Tarehe 15 Januari, 2009, eropleni kubwa iliyotoka LaGuardia iligongana na mabata bukini, injini zake mbili zikapoteza nguvu. Ikapita juu ya daraja hili, ikatua juu ya maji ya mto, na watu wote 155 wakaokoka. Rubani mdogo atangaza tena, atazama tena, asikia Piper moja ikiitika kutoka mbele yake, yaja kusini. Aitafuta upande wa ukingo wa New Jersey, haioni. Asema hivyo katika redio, “Sijakuona.” Yule mwingine awasha taa ya kutulia, nayo yaonekana kama nyota ndogo juu ya maji; kisha yaanza kuhama kwenda kushoto, wakapitana mbali.

Alama ya mwisho ni mnara wa Alpine, juu ya majabali ya ukingo wa kushoto. Edwin Armstrong, mvumbuzi wa redio ya FM, ndiye aliyeujenga katika miaka ya 1930. Rubani autaja mnara, ataja kimo chake, asema ya kuwa atoka mtoni, kisha ageuza namba ya redio yake na kuanza kupanda.